Kishungi Kimoja Kilichonyooka

Kila Jumamosi saa moja asubuhi, mimi na mama hufungua saluni. Mama hufungua kufuli, mimi huziba pua, kwa sababu harufu ya dawa ya nywele ikilala ndani usiku kucha huamka na hasira. Baada ya hapo kila mtu anajua kazi yake. Mimi nafagia nywele za jana zilizojificha chini ya viti, najaza maji kwenye pipa lililo juu ya sinki, naosha vitana na kukunja mataulo. Mama anakagua na kusema nimefagia katikati tu, pembeni nimewaachia panya.

Saluni yenyewe ni chumba kimoja chenye vioo viwili na viti vitatu. Kiti cha tatu kinayumba, na hapo ndipo mama humkalisha mteja ambaye hataki akae sana.

Kazi yangu kubwa, hata hivyo, ni vibanio. Mdomo wa mama hauna likizo. Anaweza kuhudumia vichwa vitatu kwa wakati mmoja huku akisimulia habari nne, kwa hiyo hana nafasi ya kukumbuka nani alitaka nini. Ndiyo maana alibuni utaratibu wake. Mteja akifika, mimi namuuliza anataka nini, namfunika taulo mabegani, kisha nabana kibanio cha nguo kwenye taulo hilo. Kibanio chekundu ni dawa ya kunyoosha nywele. Cha bluu ni joto tu, yaani kuosha, kupuliza kwa mashine na kupitisha chanuo la moto. Cha njano ni kusuka. Mama hukitazama kibanio mara moja, anaanza kazi, na hakitazami tena.

Kwa miaka mitatu sikuwahi kukosea hata mara moja, na nilijivuna kwa hilo kuliko ilivyopasa. Nilijua kwamba nywele za kibanio cha bluu hurudi kujikunja zikipata maji, na za chekundu hazirudi ng'o. Kwa nini iwe hivyo, sikuwahi kujiuliza. Nilidhani ni tabia yake tu.

Shuleni kwetu kulikuwa na mtu aliyejiuliza kwa niaba yetu sote. Huyo ni mwalimu wa sayansi, tuliyempa jina la Mwalimu Kwanini. Ukimwambia jua linawaka, atakuuliza kwa nini. Ukimwomba ruhusa ya kwenda chooni, ataanza "Kwa n..." kisha atajizuia mwenyewe. Alikuwa na nywele nyingi za kipilipili zilizosimama pande zote, nasi tuliokaa mstari wa nyuma tuliona ubao nusu na nywele nusu.

Wiki ile alitufundisha vifungo vya kemikali. Alisema kwamba ndani ya molekuli, atomu zimeshikana kwa vifungo vikali sana, lakini molekuli moja na jirani yake hushikana kwa nguvu ndogo tu. Barafu ikiyeyuka, molekuli zinalegezana, lakini hakuna molekuli inayovunjika, na ndiyo maana kinachobaki ni maji yaleyale. Kisha akatupa kazi: "Tafuteni nyumbani kwenu kifungo dhaifu na kifungo kikali. Andikeni kila kimoja kinavunjwa na nini, na kwa nini."

Nilitafuta nyumbani kwetu nikaona sahani, viatu na cherehani ya baba. Kifungo cha kemikali sikukiona. Asubuhi ya Alhamisi, dakika kumi kabla ya kengele, nilimwomba jirani yangu wa dawati anionyeshe daftari lake. Tunamwita Kalamu Mbili, kwa sababu daima huwa na ya kuazima. Nikanakili kwa kasi na kwa uaminifu mkubwa, neno kwa neno, nukta kwa nukta.

Mchana Mwalimu Kwanini aliniita mbele.

"Baba yako anafanya kazi gani?"

"Ni fundi, Mwalimu."

"Fundi wa nini?"

"Fundi cherehani, Mwalimu."

Akafungua daftari langu na kusoma kwa sauti: "Baba yangu ni fundi wa kuchomelea. Huyeyusha chuma kwa moto mkali sana, kwa hiyo vifungo vya chuma ni vikali kuliko vya barafu, ambayo huyeyuka mkononi." Akanitazama. "Baba yako anashona suruali kwa moto?"

Darasa zima lilicheka mpaka dirisha likatikisika. Kalamu Mbili aliingiza kichwa ndani ya dawati. Mwalimu akaandika barua, akaikunja, akaniambia nimpe mama na nilete majibu kesho yake.

Barua hiyo niliiweka mahali ambapo hakuna mtu angeitafuta, ndani ya kiatu changu. Ijumaa Mwalimu alipouliza majibu, nilimwambia, "Mama anaumwa, Mwalimu. Hawezi hata kukaa."

"Pole sana," akasema, na uso wake ukawa na huruma ya kweli. Ile huruma ilinichoma kidogo. Lakini nilijiambia kwamba mpaka Jumatatu mama atakuwa amepona.

Basi Jumamosi ile wa kwanza kufika alikuwa shangazi, dada yake baba. Shangazi haingii mahali kimyakimya. Aliingia akilaumu mawingu, akalaumu barabara, akamlaumu mama kwa kuchelewa kuolewa na kaka yake, halafu akakaa kiti cha kwanza.

"Mwanangu, leo dawa," aliniambia. "Nasafiri kesho. Nataka nywele zilale zisiamke mpaka nirudi."

"Sawa, shangazi," nikasema. Nikachukua taulo na kibanio chekundu.

Hapo mlangoni pakasimama nywele, na chini ya nywele alikuwapo Mwalimu Kwanini, na mkononi kwake mfuko wa madaftari yetu.

Ndani ya chumba kilekile, hatua nne kutoka mlangoni, mgonjwa wangu alikuwa amesimama akicheka kwa sauti, ameshika ndoo ya maji kwa mkono mmoja.

"Kumbe wewe unafanya kazi hapa?" Mwalimu akashangaa. "Huyu mwenye saluni ni nani wako?"

"Ni mama mdogo, Mwalimu," nikasema. Uongo ule ulitoka wenyewe.

"Ahaa. Mmefanana sana." Akakaa kiti cha pili, akashusha sauti. "Sikiliza, sijui mambo ya saluni. Kesho tunapiga picha ya familia, na mama yangu ameomba picha moja tu ambayo uso wangu unaonekana. Nataka zinyooke kwa joto tu. Jumatatu nizioshe, zirudi kama zilivyo. Nimezitunza miaka saba hizi. Hakuna dawa hata tone. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Mwalimu."

Na kweli nilielewa. Tatizo ni kwamba mikono ilikuwa haisikilizi. Ilishika kibanio chochote kilichokuwa karibu, na macho yangu yalikuwa yanamlinda mama asije akasogea na kusalimia. Nikamfunika Mwalimu taulo, nikambana kibanio. Nikamfunika shangazi taulo, nikambana kibanio. Kisha nikapumua.

Mama akaja na ndoo yake. Akatazama bega la shangazi, akamwinamisha kwenye sinki na kuanza kumwosha nywele.

"Wifi, leo mnaanza na kuosha?" shangazi akauliza kutoka ndani ya povu. "Siku zote kuosha ni mwisho."

"Wifi, kati yangu na wewe, fundi ni nani?"

"Haya mama, osha."

Alipomaliza kumwosha aligeuka kumsalimu mteja wa pili. "Karibu dada. Habari za kazi?"

"Nzuri. Mimi ni mwalimu. Na vipi, dada yako anaendeleaje? Nimesikia hali yake si nzuri."

"Dada yangu yupi?" mama akashtuka.

Niliwasha mashine ya kupulizia nywele. Mashine yetu ina sauti ya pikipiki inayopanda mlima. "Mama, mimi nitampuliza shangazi!" nikapiga kelele. "Wewe endelea na mteja!"

Mama akasema kitu, Mwalimu akajibu kitu, hakuna aliyemsikia mwenzake. Kila walipofungua midomo nami niliongeza kasi ya mashine. Shangazi alikuwa anapepea kama nguo kwenye kamba, lakini mimi nilijiona mjanja wa dunia. Mwalimu mwishowe alikata tamaa, akatoa rundo la madaftari na kalamu nyekundu, akaanza kusahihisha.

Nilimwona mama akilitazama bega la Mwalimu. Akashika zile nywele kwa mikono yote miwili, akazipima uzito. Nikapunguza kasi kidogo nisikie.

"Nywele zote hizi, mwalimu! Una uhakika?"

"Nina uhakika," Mwalimu akajibu bila kuinua macho. "Mama yangu ameniomba sana."

Mama akatikisa kichwa kwa huzuni. Akachota mafuta mazito, akaanza kumpaka kuzunguka paji la uso na masikio, taratibu. Mwalimu hakushtuka. Angejuaje kwamba mafuta hayo hutangulia dawa? Kwa miaka saba hakuwa amekaa kwenye kiti cha saluni.

Nami, akili yote ikiwa kwenye mashine, nikaendelea kumpuliza shangazi. Nywele zake zilinyooka vizuri sana, zikashuka mpaka mabegani.

"Wewe mtoto!" shangazi akapaza sauti juu ya mashine. "Mbona kichwa hakiwashi? Dawa yenyewe hamjanipaka!"

Nikalitazama bega lake. Kibanio kilikuwa cha bluu.

Nikageuza shingo polepole, kwa sababu sikutaka kuona. Kwenye bega la Mwalimu Kwanini kilikaa kibanio chekundu, na nyuma yake mama alikuwa anavaa glavu. Kopo la dawa lilikuwa wazi.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Neno moja tu lilitosha: nimekosea. Lakini nikisema nimekosea, mama atauliza kwa nini, na Mwalimu naye atauliza kwa nini, na kwa nini mbili zikikutana, barua, ugonjwa na mama mdogo vyote vitamwagika sakafuni. Kwa hiyo nikaamua kurekebisha kwa siri. Nikampa shangazi mashine aishike, nikachukua ufagio, nikafagia kuelekea kiti cha Mwalimu ingawa palikuwa safi, nikachomoa kile chekundu na kubana cha bluu. Nikarudi kwa shangazi, nikaichukua mashine, nikingoja.

Mama hakutazama. Nimeshasema kwamba kibanio hukitazama mara moja tu. Akakoroga dawa kwa mwiko mdogo wa plastiki.

"Mama," nikasema, "hiyo dawa nadhani imeharibika. Inanuka."

"Dawa gani uliyowahi kuiona hainuki?"

"Basi... mteja ana kidonda kichwani."

Mama akapekua kichwa cha Mwalimu chote, pande nne. "Kidonda kiko wapi?"

"Kidonda?" Mwalimu akainua uso. "Nani kasema nina kidonda? Kwa nini?"

Mama akanitazama kwa jicho ambalo kila mtoto analijua, la kuahidi kwamba wageni wakiondoka tutazungumza. Akagawa nywele kwa kitana, akachota dawa nyeupe iliyojaa kwenye mwiko, akainua mkono.

Niliiona miaka saba ya watu ikiwa chini ya mwiko ule.

"Mama, acha! Usipake! Nimekosea kibanio!"

Nilipiga ukelele ambao hata mimi sikuujua kama ninao. Mama akaruka. Dawa ikaruka pia; tone moja likapiga kioo, jingine likatua kwenye glavu. Mashine ikaniponyoka, ikaanguka na kuzimika.

"Yeye ni joto," nikasema, nikimwonyesha Mwalimu. "Shangazi ndiye dawa. Nimebadilisha bila kujua."

"Wewe!" mama akasema. "Miaka mitatu hujakosea. Leo umekuwaje?"

"Kwa sababu... nilitaka usizungumze na Mwalimu."

"Mwalimu wako?" mama akauliza.

"Mama yako?" Mwalimu akauliza.

Basi maji yakazidi unga. Nikavua kiatu. Nikatoa barua, ambayo nilikuwa nimeikanyaga siku mbili, yenye tundu la kidole gumba katikati. Mama aliishika kwa ncha za vidole na kuisoma kwa mbali. Nikaeleza habari ya daftari. Nikaeleza habari ya baba kuchomelea vyuma.

"Kaka yangu?" shangazi akashika kifua. "Kaka yangu achomelee? Yule hata kiberiti anawasha akiwa amefumba macho!"

Nikaeleza habari ya ugonjwa. Mama akauliza nilimuumwisha ugonjwa gani. Nikasema sikuutaja, nilisema tu hawezi hata kukaa. "Hilo ni kweli," shangazi akasema, "huyu tangu aolewe sijamwona amekaa." Nikaeleza habari ya mama mdogo, na mama akacheka kwa sekunde moja, kisha akakumbuka kwamba amekasirika. Maungamo yangu yalikuwa marefu kwa sababu uongo ulikuwa mwingi, na kila nilipofika mwisho nilikumbuka mwingine.

Mwalimu Kwanini hakupiga kelele. Aliniuliza swali lake la siku zote, lakini kwa sauti ndogo. "Kwa nini hukuniambia Alhamisi?"

"Niliogopa, Mwalimu," nikasema, na machozi yakaanza kunitoka.

Shangazi alikuwa amekwisha kuinuka kujitazama kwenye kioo. Akageuza kichwa kulia, akageuza kushoto. "Lakini wifi, mbona nimependeza hivi? Dawa ya nini tena? Acheni nikafunge mizigo yangu." Mama akamwambia angoje, hali ya hewa si nzuri. Shangazi akasema yeye si sukari, akatoka zake.

Hapo Mwalimu akapeleka mkono shingoni. "Samahani, ni kawaida hapa nyuma ya sikio kuwasha hivi?"

Mama alipofunua nywele, aliguna. Tone la tatu lilikuwa limetua hapo. Wakati wote nilipokuwa naungama, lenyewe lilikuwa linafanya kazi yake taratibu. Mama alimkimbiza Mwalimu kwenye sinki, akamwosha kwa maji mengi na shampuu, akarudia, akarudia tena. Ngozi haikudhurika, kwa sababu yale mafuta mazito yaliikinga. Lakini alipomaliza, nywele zote za Mwalimu zilijikunja zikitiririka maji, isipokuwa kishungi kimoja nyuma ya sikio. Chenyewe kilining'inia kimenyooka kama uzi.

"Ningekizuia kama ningejua," mama akasema kwa uchungu. "Sasa hakirudi, mwalimu. Nisamehe sana."

Mwalimu alikishika kishungi kile akakivuta mbele akitazama. Mimi nilitamani sakafu inimeze pamoja na ufagio wangu.

Mlango ukafunguliwa kwa nguvu. Shangazi alikuwa amesimama pale, amelowa na mvua, na nywele zake zote zimerudi juu, zimejikunja, nyingi kuliko zilivyokuwa asubuhi.

"Hatua hamsini tu!" akapiga kelele. "Hatua hamsini nimetembea nikiwa mrembo!"

Mama aliniangalia, mimi nikamwangalia Mwalimu, na Mwalimu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika sinki. Kisha akafuta macho na kunigeukia.

"Nywele za shangazi zimelowa, zikarudi. Kishungi changu nacho kimelowa, nimeoshwa mara tatu, hakikurudi. Kwa nini?"

Kwa mara ya kwanza tangu nianze shule, sikuwa na daftari la kutazamia. Nikafikiri. Nilifikiri mpaka nikasahau kulia.

"Kwa sababu... joto lilikuwa limelegeza vifungo dhaifu," nikasema polepole. "Nywele zikanyooka. Zilipokauka, vifungo vikajifunga upya zikiwa zimenyooka vile. Mvua ikaingia ikavilegeza tena, nywele zikarudi kwenye umbo lake."

"Vizuri. Hivyo ni vifungo vya haidrojeni. Viko vingi mno, lakini kimoja kimoja ni dhaifu. Na hilo umbo lake linashikiliwa na nini?"

Hilo sikulijua, nikasema sijui. Niliona ajabu jinsi ilivyo rahisi kusema sijui.

"Ndani ya kila unywele kuna atomu za salfa zilizoshikana mbili mbili. Hicho ni kifungo kikali. Kimoja kinashinda nguvu za vifungo zaidi ya kumi vya haidrojeni. Maji hayakiwezi. Chanuo la moto halikiwezi, labda uchome nywele zenyewe. Kinachokikata ni..."

"Dawa!" mama akadakia. "Kumbe! Miaka kumi na miwili nakata salfa za watu na hakuna aliyeniambia!"

"Mwalimu," nikasema, "basi ni kama kazi ya baba. Kwanza anashikiza kitambaa kwa pini, halafu anapiga mshono. Pini unachomoa kwa vidole, lakini mshono mpaka uukate."

Mwalimu akapiga kofi moja. "Hilo," akasema, "ndilo jibu nililolisubiri Alhamisi. Lilikuwa nyumbani kwenu siku zote. Kaliandike."

Mama alimnyoosha Mwalimu nywele kwa mikono yake mwenyewe, kwa joto tu, na akakataa nimsaidie hata kidogo. Shangazi alipakwa dawa akiwa kiti cha tatu. Wageni walipoondoka yale mazungumzo yaliyoahidiwa na lile jicho yalifanyika, na sitayasimulia yote. Nakumbuka jambo moja. Mama alisema, "Kukosea kibanio ni bahati mbaya. Hata mimi ningeweza kukosea. Kilichoniumiza ni kwamba uliniona nimeshika mwiko, ukaenda kuchukua ufagio."

Jumatatu Mwalimu Kwanini aliingia darasani na nywele zake zile zile za kipilipili, pande zote, na upande wa kulia kishungi kimoja kimelala juu ya bega. Darasa lilijitahidi kunyamaza, likashindwa.

"Nani ataniambia kimetokea nini hapa?" akauliza.

Mmoja akasema Mwalimu amelalia upande mmoja. Mwingine akasema ni gundi. Kalamu Mbili akasema huenda ni uzee. Mwalimu hakunitazama hata kidogo. Alikuwa anatazama dirishani, na nikaelewa kwamba nikinyamaza, naye atanyamaza, na hakuna mtu darasani atakayejua milele.

Nikasimama.

"Ni dawa ya nywele, Mwalimu. Imekata vifungo vya salfa. Na ni kwa sababu yangu." Nikaeleza yote, haidrojeni na salfa, pini na mshono, na pia barua, kiatu na ugonjwa wa mama. Walicheka sana. Nilipofika kwenye kishungi wakaacha kucheka, kwa sababu sauti yangu ilikuwa imebadilika.

Mwalimu akatoa mkasi mezani, akanipa. Akainama. "Kikate. Kata karibu na mzizi, zitaota nyingine."

Nikakikata. Akajipapasa nyuma ya sikio, mahali palipobaki kijiti kifupi cha nywele, kisha akaligeukia darasa zima.

"Sikilizeni ninyi nyote. Mwenzenu alinakili kazi Alhamisi. Uongo ule ulikuwa wa kutoka kwa maji. Angesema, 'Nimenakili, Mwalimu,' ningemwambia arudie, tungemaliza siku ileile. Yeye akaongeza wa pili juu yake, na wa tatu, mpaka ukawa hautoki bila kukata kitu. Na kilichokatwa hakikuwa chake. Mkikosea, semeni mapema, kosa likiwa bado linatoka kwa maji."

Akaniambia nikae. Nilirudi kwenye dawati langu nikiwa nimefumbata kishungi kile mkononi. Wakati wa mapumziko nilikwenda peke yangu bombani, nikakilowesha, nikakikamua, nikangoja. Nilikilowesha tena mara mbili. Hakikujikunja hata kidogo.